Mikono Nyuma

Jina la baba mkwe wangu nalijua vizuri, lakini humu hamtaliona. Katika nyumba niliyoolewa, nyumba ya Waha wanaoshika mila, mkamwana hamtaji mkwe wake kwa jina, awe hai au kaburini, na akijisahau akalitaja hutozwa mbuzi. Mila hiyo niliilalamikia tangu wiki ya kwanza ya ndoa, nikaivunja mara moja tu. Basi hapa atabaki Baba Mkwe, kama nilivyomwita miaka yote niliyompikia, nikamfulia na kumchukia. Ndiyo, nilimchukia, na kufa kwake hakujanibadilisha sana.

Mgeni akija kwetu Katubuka alidhani tumebahatika kuwa na mzee mpole. Alikuwa mwembamba na msafi, shati amelifunga vifungo mpaka shingoni hata jua likiwa kali, na alizungumza kwa sauti ya chini. Sikumsikia akimpigia mtu kelele. Maneno yake mabaya aliyasema kwa sauti ile ile aliyoombea chumvi mezani, na ukichelewa kidogo kuelewa unajikuta umeshaitikia ndiyo baba, ahsante baba, na kisu kimeshaingia. Alikuwa mwalimu wa kuchora michoro ya ufundi mpaka alipostaafu. Waliosoma kwake husema hakuwa na fimbo. Mwanafunzi aliyekosea mstari alisimama mbele ya darasa akiwa ameinua karatasi yake juu ya kichwa mpaka kipindi kiishe, basi. Mmoja wao, siku hizi mtu mkubwa na ana gari, alikuja kumsalimia na kilo za sukari. Baba Mkwe akamuuliza kama si yeye yule wa mkono mfupi uliokuwa ukichoka haraka. Yule bwana alicheka sana, lakini hakurudi tena.

Kilichomfanya ajulikane mpaka Ujiji ni ndege zake. Si ndege za makopo wanazotengeneza watoto. Zake zilikuwa za plastiki, zinakuja kwenye boksi zikiwa vipande vidogo vidogo vilivyoshikana kwenye fremu, kila kipande na namba yake. Fundi huvikata kwa wembe, huvisugua kwa msasa, huvigandisha kwa gundi na kuvipaka rangi, mpaka mwishoni inatoka ndege ya kivita ya enzi za Vita Kuu ya Pili, na panga lake la kuzunguka puani na bunduki zake mbawani, ndogo kiasi cha kukaa juu ya sahani ya chai. Alifundishwa na padri mmoja Mzungu waliyesomesha naye shule moja. Padri alipoondoka alimwachia maboksi, na yalipokwisha, mwanawe wa kwanza, Danieli, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, akawa anamletea mengine kila likizo.

Ndege hizo zilikaa katika chumba cha uani, kwenye rafu, zote zimeelekea dirishani. Kuingia humo kulikuwa na sharti moja: mikono nyuma. Awe mchungaji, awe mjumbe wa mtaa, awe mkewe, aliyevuka kizingiti alifumbata mikono mgongoni na kuiacha huko mpaka atoke. Hapakuwa na kiti cha mgeni. Mimi kama mkamwana sikuruhusiwa kuvuka kabisa. Chai niliiweka mlangoni na kubisha.

Sasa nimtaje mume wangu, maana ndiye hasa aliyeumia. Anaitwa Yoramu, mtoto wa pili na wa mwisho. Ananunua dagaa Kibirizi mitumbwi inapoingia alfajiri, anawaanika, anawauza kwa wanaosafirisha. Ni mtu mzima, ana familia, watu sokoni wanamheshimu, na bado anatembea mikono nyuma. Anapita katikati ya wapagazi na wachuuzi hivyo hivyo, amejifumbata kama anayekagua gwaride, na wanawake wa dagaa wanamtania kwamba akianguka atavunja pua. Wao wanadhani ni maringo. Alizoeshwa utotoni, akisimamishwa chumbani kutazama kaka yake akifundishwa, yeye akiwa haruhusiwi kugusa kwa sababu mikono yake inatoka jasho. Yoramu alitaka kitu kimoja kwa baba yake, na kukitaka huko sikuwahi kukuona kukipungua: baba yake aishike kazi ya mikono yake, aseme ni nzuri. Neno hilo moja tu. Nilimwambia mara nyingi aachane nalo. Ilikuwa kama kumwambia aache kula.

Aliwahi kujaribu akiwa darasa la sita. Aliokota vipande vilivyobaki kwenye fremu mbalimbali, mbawa za ndege hii na mkia wa ile, akaunganisha ndege yake mwenyewe nyuma ya choo, akampelekea baba yake akiwa ameiweka juu ya daftari. Baba Mkwe aliigeuza, akaona gundi imevuja kwenye ubavu. Ndege iliyokosewa katika nyumba ile ilikuwa na adhabu yake: ilichomwa kwenye jiko la mkaa uani, na majirani wakisikia harufu walisema leo kwa Mwalimu ndege imeanguka. Hata za kwake mwenyewe alizichoma, nakiri, na bila kusita. Lakini ile ya Yoramu alimwambia aichome mwenyewe. Kisha akamwamuru mama yake ateleke ugali juu ya moto ule ule, na mtoto akakaa akaula wote baba yake akimtazama. Mume wangu hunisimulia habari hii akiwa anatabasamu, na mwishoni husema kwamba kweli gundi ilikuwa imevuja. Hapo ndipo ninapotamani kumpiga yeye.

Nisiwe mwongo nikasema mzee hakuwa na mkono wa upole. Alikuwa nao, na ndio uliokuwa ukiniudhi zaidi. Rangi aliichuja kwa kitambaa cha soksi ya kike. Vumbi la mbawani alilipangusa kwa unyoya wa kuku, huku amebana pumzi. Fremu tupu aliipasha moto juu ya mshumaa, akaivuta polepole mpaka ikawa uzi mwembamba kuliko nywele yangu, na uzi huo ndio uliokuwa waya wa redio kutoka mgongoni mwa ndege hadi mkiani. Mama mkwe alipopooza, hakukubali mimi nimguse. Alimwogesha mwenyewe, akamkata kucha, akajifunza kusuka ili asije akalala na nywele timtim. Na akiwa anamsuka, kwa vidole vile vya taratibu, alimweleza kwa sauti yake ya chini jinsi alivyomzalia mpumbavu. Nilikuwa nikiosha vyombo nje ya dirisha. Mama yule hakuweza tena kusema wala kugeuza uso.

Msiba nao haukumtuliza. Jirani yetu alipofariki, Baba Mkwe alipiga magoti kando ya jeneza, sote tukainamisha vichwa tukijua anaomba. Kumbe alikuwa amefumba jicho moja anapima kifuniko. Alipoinuka alimwambia mjane kwamba limepinda upande wa miguuni, na kwamba fundi alijua atakayelala humo hatalalamika.

Jambo jingine ambalo watu hawakulijua ni kwamba mzee huyu hakupata kupanda ndege. Danieli alimtafutia tiketi aende akatembee Dar. Tukamsindikiza uwanjani, pale pale Katubuka, suti imepigwa pasi. Alikaa akaitazama ndege ikipakiwa, jasho likamshuka mpaka kola ikalowa, kisha akainuka akasema misumari ya bawa la kushoto haikukazwa sawa, tukarudi nyumbani kwa miguu. Mimi niliona magoti yake. Kesho yake nikawasimulia wanawake wote bombani, nikamwigiza na kutetemeka kwake, tukacheka mpaka ndoo zikafurika. Katika ndoa yangu siku za furaha kama hiyo hazikuwa nyingi.

Na kuna marubani. Kila boksi la ndege huja na kijitu kidogo cha plastiki, kimekaa, mikono magotini, cha kuwekwa kwenye kiti. Baba Mkwe hakumweka hata mmoja. Viti vya ndege zake zote vilikuwa vitupu, na vijitu hivyo alivitupia kwenye kopo la mafuta ya mgando. Mchungaji alimuuliza sababu. Akajibu kwamba ndege ikitoka kiwandani ni nzima, anayeiharibu ni mtu. Mchungaji akachekacheka, mikono yake nyuma.

Danieli alikufa Dar, aligongwa akiwa kwenye bodaboda. Tulimzika Kasingirima, alikozikwa mama yake, na jioni ya matanga, watu wamejaa uani, Yoramu alimpelekea baba yake maji ya kunawa. Baba Mkwe alinawa, akarudisha beseni, akasema kwamba Mungu naye anajua kuchagua, amemchukua aliyekuwa anajua kushika vitu. Hakunong'ona. Wazee wa kanisa walitazama chini. Mume wangu alilipokea beseni kwa mikono miwili, akaenda kumwaga maji nyuma ya nyumba, na alikaa huko muda mrefu.

Boksi la mwisho alilokuwa ameleta Danieli lilikuwa bado halijafunguliwa. Juu yake ilichorwa ndege ya Mwingereza ikipita kwenye moshi, na chini yake bahari. Mzee alisema hilo ataliunda polepole, kwa heshima. Lakini msiba ulimwingia kwa njia yake: mikono ikaanza kutetemeka, mtoto wa jicho akamfunga macho yote mawili, na daktari alipomweleza habari za upasuaji, mzee alimuuliza yeye kama huwa anapiga mstari ulionyooka. Ikawa kila asubuhi baada ya chai analishusha boksi kutoka kabatini, analitikisa sikioni, anasikiliza vipande vikigongana ndani, analirudisha.

Yoramu alimwomba. Nilikuwa mlangoni na sinia, nikasikia. Alisema, baba, niruhusu nikuundie mimi, wewe utaniongoza. Baba Mkwe akajibu kwamba mikono ile ni ya dagaa, ndege itanuka.

Wiki haikuisha mume wangu akavitoa vipande kwenye boksi. Usiniulize ujasiri aliupata wapi. Ili mzee akitikisa asikie kitu, tulikata vitana viwili vya plastiki, cha kwangu na cha binti yetu Neema, tukajaza ndani, tukalifunga boksi upya kwa mvuke wa birika na gundi. Asubuhi tulisimama jikoni tukitega sikio. Mzee akatikisa, akasikiliza, akatikisa tena, akalirudisha kabatini.

Yoramu aliiunda ndege ile Kibirizi, katika banda anamoweka magunia, mchana dagaa wakiwa juani na hakuna la kufanya ila kufukuza kunguru. Nilimkuta huko. Alikuwa amenawa mikono kwa ndimu mpaka ngozi imepauka, na kando yake kuna kitambaa cha kupangusia jasho, anapangusa kabla ya kugusa kila kipande. Ndipo nikajua kwamba miaka yote ile ya kusimamishwa mikono nyuma hakuwa akitazama ukutani. Rangi aliichuja kwa soksi yangu. Uzi wa redio aliuvuta juu ya mshumaa, ukakatika, akavuta mwingine, ukakatika, akavuta mwingine. Zile alama za duara za mbawani, zinazoloweshwa majini mpaka ziteleze kutoka kwenye karatasi yake, aliziweka kwa ncha ya sindano. Hakula mchana miezi yote ile. Nami nikajikuta natumaini pamoja naye, nikajilaani, nikaendelea kutumaini.

Siku ya kuipeleka ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Yoramu alivaa shati la kanisani. Alivuka kizingiti, akaiweka ndege mezani mbele ya baba yake juu ya taulo, kisha akarudi hatua moja na kufumbata mikono nyuma. Mimi nilisimama nje ya mlango na chai ikipoa.

"Baba, naomba ushike hiki."

Baba Mkwe alinyoosha mkono. Ulitetemeka mpaka ulipogusa bawa, na hapo ukatulia. Sijui aliutuliza vipi. Kidole kilipita kwenye maungio ya bawa na ubavu, kikarudi, kikapita tena. Kikagusa panga. Kikapanda mgongoni na kuusikia ule uzi bila kuukata. Kikaingia kwenye kiti, na kiti kilikuwa kitupu kama alivyopenda. Alikwenda hivyo kwa muda mrefu. Uso wake niliuona vizuri kutoka mlangoni, na naapa kwamba mzee yule alikuwa ameridhika, maana niliujua uso ule, ndio aliokuwa nao akimsuka mkewe.

"Nani ameiunda?" akauliza.

"Ni mimi, baba."

"Nimeuliza nani ameiunda."

 Niliiona mikono ya Yoramu huko mgongoni, mmoja umeushika mwingine kifundoni.

"Ni mimi."

"Aliyeiunda hii ana mkono," alisema Baba Mkwe kwa sauti yake ile ya kuombea chumvi. "Wewe huna. Mwambie huyo fundi wako aje nimjue."

Nilisubiri. Nilisema moyoni, sasa, mume wangu, sasa hivi. Angesema tu uzi ulikatika mara ngapi. Angenyoosha mikono yake mbele na kumpa aishike, ikinuka ndimu.

"Sawa, baba," akasema Yoramu. "Nitamwambia."

Basi nikavuka kizingiti. Sinia niliiweka juu ya meza ya ndege, kitu ambacho hakijawahi kuwekwa pale, chai ikamwagika, na mikono yangu sikuifumbata popote. Nikamwita baba mkwe wangu kwa jina lake, jina lote, la ubatizo na la ukoo. Nikamwambia fundi ndiye huyu aliyesimama mbele yako, na hata kama macho yamekufa, hicho kidole chako kinajua, na wewe ni mzee mwongo uliyeogopa kupanda ndege.

 Neema aliyekuwa uani akitwanga aliacha. Nikasikia sauti ambayo sikuitambua mara moja, maana kwa miaka yote ile sikuwa nimeisikia. Baba Mkwe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza.

"Kumbe humu ndani kuna mtu mmoja," alisema. "Huyu ndiye ningemzaa mimi. Mama Neema, tafuta kiti ukae."

Yoramu akatoka. Nilimfuata uani, nimejaa maneno. Alikuwa amesimama karibu na jiko, na nilipomkaribia alinitazama kwa namna ambayo hajapata kunitazama.

"Kicheko kile kilikuwa changu," akasema. "Nimekingoja tangu mtoto. Umekichukua wewe."

Nilimwambia nimesema kwa ajili yake. Akasema anajua. Akasema pia kwamba mbuzi wa kosa langu atamtoa yeye, nisihangaike kwenda kumwomba kwetu. Kisha tukasikia mlango wa chumba kile ukigongwa kutoka ndani kwa fimbo yake ya kutembelea, na mzee ananiita mimi. Mkamwana akiitwa na mkwe haulizi. Nikarudi.

Alikuwa bado ameishika ile ndege, na kidole kinapita kwenye maungio. Aliniambia chai nimeimwaga lakini haikufika kwenye bawa, nina bahati. Halafu akasema, "Vitana nilivisikia tangu asubuhi ya kwanza. Plastiki ya kitana ni ngumu, inalia vingine."

Nikamuuliza kama alijua, kwa nini amemtendea mwanawe vile.

"Nilitaka kuona kama atanibishia," alisema. "Toka akiwa darasa la sita nangoja anibishie. Danieli alinibishia kila siku. Hii ni kazi safi, sijapata kuunda hivi mimi. Lakini mtu anayekubali kunyang'anywa kitu chake, nimwambie nini?"

Alisema hayo kwa sauti ya chini kama kawaida yake, lakini dirisha lilikuwa wazi. Yoramu alikuwa bado uani, hatua chache tu kutoka pale, ametupa mgongo. Hakugeuka. Mikono ilikuwa nyuma, na niliona vidole vikisugua gundi iliyokaukia kwenye kucha.

Nilimwambia mzee arudie alichosema, kwa sauti, amwite. Akaiweka ndege juu ya taulo, akaomba nimletee chai nyingine.